Bangi ya Uluguru na Sheria Iliyotoka Geneva

Bangi haikugeuka kosa Uluguru kwa sababu Waluguru waliilalamikia. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita Zungomero, chini ya milima ya Uluguru, mwaka 1857, na katika maandishi yake uvutaji wa bangi kwenye njia ya misafara ni jambo la kawaida, sawa na pombe na tumbaku. Marufuku ilitoka mbali. Mwaka 1925 mkutano wa Geneva, ukisukumwa hasa na Misri, uliiingiza bangi katika mkataba wa afyuni. Tanganyika, koloni kwa kila kitu isipokuwa jina, ikapokea yaliyoamuliwa. Pombe ya kienyeji, ambayo nayo huvunja nyumba, ilipewa leseni, vilabu na ushuru. Madhara peke yake hayaelezi tofauti hiyo: pombe ilijaza hazina, bangi haikujaza.

Uhuru haukuilegeza sheria, uliikaza. Ikaja sheria ya dawa za kulevya ya 1995, kisha ya 2015, na baada ya marekebisho ya 2017 kulima tu kunamfikisha mtu kwenye kifungo cha miaka 30. Makali yameongezeka, lakini sababu ya kulima haijaguswa. Mashamba ya milimani ni madogo na ya mteremko. Ndizi na mboga hushushwa kichwani hadi barabarani, na zikichelewa zimeoza. Bangi iliyokaushwa ni nyepesi, haiozi, na mnunuzi huifuata mwenyewe. Wakoloni waliwahi kuonja matokeo ya amri ya namna hii: walipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, kazi ikawa nzito na mavuno hafifu, na mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu akauawa, mpango ukafa.

Atakayesema kwamba matuta hayaharibu akili za vijana, na bangi huziharibu, amesema kweli. Na mashamba ya bangi yanayofyeka msitu kwenye vyanzo vya Ruvu yanagusa maji ya Dar es Salaam. Wengine watasema walimaji si maskini bali vibarua wa matajiri. Baadhi yao ndivyo walivyo, na hapo ndipo sheria inapojikwaa, kwa kuwa mwenye miche na msafirishaji wa magunia wanaweza kukutana na miaka ileile 30. Udhibiti ubaki, ila Bunge liwatenganishe watu hao wawili, na barabara za Uluguru zitangulie mapanga ya operesheni za kufyeka bangi.