Ndege Juu ya Paa la Hekalu: Historia Fupi ya Tatizo la Kale

Katika mwaka wa maadhimisho ni desturi njema kuwakumbuka waliotoa ardhi, fedha na jasho ili hekalu lisimame. Majina yao huchongwa kwenye marumaru. Lakini ipo kazi moja isiyochongewa jina popote, ingawa hufanywa alfajiri kabla ya kengele ya kwanza: kazi ya mtu anayepanda ngazi na ndoo ya maji na brashi, akaosha kinyesi cha ndege kwenye kingo, ngazi na vichwa vya nguzo. Kazi hiyo ina historia ndefu kuliko majengo yetu yote, na wakati huu ambapo wengi wetu tunazungumzia ukarabati wa paa na kilele, historia hiyo inafaa kusomwa kabla fundi hajaitwa.

Mkolani iko kusini mwa jiji la Mwanza, kandokando ya barabara iendayo Shinyanga, kati ya Nyegezi na Buhongwa. Ni mahali pa mawe makubwa yaliyopandana, na juu ya mawe hayo anga haikosi mabawa. Wapo mwewe, njiwa, yangeyange, kunguru wa kwetu mwenye kifua cheupe, na korongo marabu, yule mwenye upara na mfuko shingoni. Upande mmoja ziwa huwapa ndege hawa mabaki ya samaki katika mialo na masoko. Upande wa pili, Buhongwa, ndiko taka za jiji zinakomwagwa. Ndege atafutaye riziki kati ya ziwa na jalala hupita juu ya paa zetu, naye akichoka hutua. Anayetaka kuona matokeo yake na atazame Jiwe la Bismarck pale ufukweni mjini, ambako minandi na wenzao hukaa kwa vizazi na kulipaka jiwe rangi nyeupe. Jiwe la asili haliharibiki upesi. Paa la bati, rangi ya kilele na marumaru ni mambo mengine.

Madhara yenyewe ni ya wazi. Kinyesi cha ndege kina asidi ya yuriki, ambayo hula chokaa, marumaru, rangi na bati. Manyoya na vijiti vya viota huziba mifereji ya paa, maji yakakosa njia na kurudi ndani ya kenchi. Katika nyumba nyingi za Mwanza maji ya mvua hukingwa kutoka paani hadi kwenye tangi. Basi kilicho juu ya paa siku ya jua ndicho kitakachokuwa ndani ya tangi siku ya mvua. Tena, katika kinyesi kikavu cha njiwa huota kuvu aina ya kriptokokasi, ambayo vumbi lake likivutwa huweza kumletea mtu mwenye kinga dhaifu ugonjwa wa mapafu na hata wa utando wa ubongo. Hivyo kumzuia ndege asikae juu ya jengo si jambo la urembo tu. Ni jambo la uhai wa jengo na afya ya wanaoliingia.

Watunzaji wa nyumba za ibada waliligundua hili zamani sana. Mwanahistoria Flavius Josephus, aliyeishi katika karne ya 1 BK, alieleza kwamba juu ya paa la Hekalu la Yerusalemu, lile lililobomolewa na Warumi mwaka 70, kulisimamishwa miiba mikali ya dhahabu ili ndege wasitue na kulichafua. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inapotaja vipimo vya jengo hilo inakitaja pia kizuia kunguru kileleni, chenye urefu wa dhiraa moja. Kwa hiyo miiba ya chuma inayouzwa leo madukani kwa kufungwa juu ya kuta haikubuniwa jana. Ina umri wa miaka elfu mbili, na iliwekwa kwanza kwa ajili ya heshima.

Wagiriki nao walikuwa na shida hiyohiyo. Katika tamthilia ya Aristophanes iitwayo *Ndege*, iliyoigizwa Athens mwaka 414 KK, ndege wanawatishia waamuzi wa mashindano: wasipotupa ushindi, na watafute vifuniko vya shaba vya kuvaa kichwani kama sanamu, la sivyo watachafuliwa. Mzaha huo unaonyesha kwamba sanamu za wakati ule zilivishwa vifuniko dhidi ya ndege, na kila mtazamaji alilijua hilo. Katika tamthilia nyingine ya karne hiyohiyo, *Ion* ya Euripides, kijana mtumishi wa hekalu la Apollo huko Delphi anafagia sakafu asubuhi, kisha anawafukuza ndege kwa upinde wasichafue sadaka. Anamwona mmoja analeta vijiti ili ajenge chini ya upenu, anamwamuru aende akazalie mtoni au msituni. Lakini mkono wake unasita. Anaona haya kuwaua viumbe ambao watu wa kwao waliamini kuwa huwaletea wanadamu habari za miungu.

Kusita huko ndiko kiini cha historia hii. Mtumishi yule ana wajibu mara mbili, wa usafi wa mahali patakatifu na wa kutodhulumu kiumbe aliyekuja kutafuta hifadhi. Herodotus anasimulia kisa kinachoupeleka wajibu wa pili mbali zaidi. Watu wa mji wa Cyme waliulizia hekaluni karibu na Mileto kama wamtoe kwa maadui zake mkimbizi aliyekuja kwao kuomba hifadhi, wakajibiwa wamtoe. Raia mmoja, Aristodicus, hakuridhika. Aliuliza tena, na alipojibiwa vilevile akaanza kulizunguka hekalu akiwaondoa shomoro na kuvunja viota vyao. Sauti ikatoka ndani ikimkemea kwa kuwanyang'anya hifadhi walioomba ulinzi wa hekalu. Naye akajibu: wewe unawalinda wako, mbona unatuamuru sisi tumtoe wetu? Sauti ikasema amri ile ilitolewa ili waliothubutu kuuliza swali ovu namna hiyo waangamie upesi. Kiota cha shomoro kilikuwa kipimo cha utu wa mji mzima.

Kwetu sisi tuliolelewa katika mafundisho ya ahimsa, kisa hicho si kigeni. Tangu utotoni tumesimuliwa habari za Mfalme Shibi, ambaye njiwa alimkimbilia akifukuzwa na kipanga. Kipanga alidai haki ya chakula chake, na mfalme akakata nyama ya mwili wake mwenyewe na kuiweka kwenye mizani badala ya njiwa, asijue kwamba ndege wale wawili walikuwa Agni na Indra waliokuja kumjaribu. Garuda humbeba Vishnu, bata-maji yuko ubavuni mwa Saraswati, na kunguru, ambaye wengi humchukia, ndiye mnyama wa Shani na ndiye tunayemtengea chakula katika siku za kuwakumbuka wahenga wetu. Mtu mwenye mapokeo kama hayo hawezi kumwita fundi na kumwambia tu, "Waue."

Wazee wa Gujarat, ambako familia nyingi za Wahindu wa Afrika Mashariki zilitoka, walipata njia ya kati. Katika vijiji vyao na katika mitaa ya kale ya Ahmedabad walijenga chabutro: mnara mdogo wa mbao au wa mawe juu ya nguzo, wenye vibaraza vya kuwekea nafaka na maji. Tendo hilo lilikuwa la dhawabu, lakini pia lilikuwa na akili ya ujenzi ndani yake. Ndege alipewa mahali pake, mbali na kizingiti cha watu, na juu kiasi cha kutofikiwa na paka.

Hata hivyo historia haituruhusu kuiga bila kufikiri. Njia iliyofaa kijiji chenye njiwa mia haifai lazima mji wenye maelfu. Mwaka 2025 manispaa ya Mumbai ilianza kuyafunga maeneo ya kulishia njiwa kwa sababu ya madhara ya vumbi la kinyesi kwa mapafu ya wakazi. Waumini walioona kulisha ndege kuwa sehemu ya dini yao walipinga, na shauri likafika Mahakama Kuu ya Bombay. London ilipita njia hiyo mapema: mwaka 2003 ilipiga marufuku kulisha njiwa katika uwanja wa Trafalgar, na kipanga aliyefunzwa akatumiwa kuwatawanya. Funzo ni kwamba nafaka nyingi huzaa ndege wengi, na ndege wengi hutafuta paa.

Tukirudi katika nchi yetu, tunakuta maarifa mengine. Nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi ilishuka pande zote, bila ukingo wa bapa wala mfereji. Ndege alipata pa kutua, lakini hakupata kibaraza cha kuweka makazi. Shambani watu waliwaamia ndege kutoka juu ya dungu, kwa makelele, kwa teo na kwa sanamu za matambara. Mkulima hakukusudia kuwamaliza ndege wote duniani. Alikusudia kulivusha shamba lake hadi mavuno. Majengo ya mawe, bati na vibaraza yalienea Mwanza baada ya kituo cha Wajerumani kuanzishwa mwaka 1892, na zaidi baada ya reli kufika mwaka 1928. Yakaleta kingo, mabomba na pembe, yaani viti vingi vya ndege.

Somo kubwa zaidi la Afrika Mashariki linatoka Zanzibar. Katika miaka ya 1890, chini ya utawala wa Waingereza, kunguru waliletwa kutoka India ili wale taka za mji. Dawa ikageuka ugonjwa. Kufikia mwaka 1917 ndege huyo alikwisha kutangazwa mharibifu, na aliyemuua alilipwa. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na Dar es Salaam ikajaa sauti yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zanzibar ilitumia sumu maalumu, idadi ikashuka sana. Juhudi zilipokoma, ikapanda tena. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza nia ya kuwaangamiza kunguru milioni moja. Wahenga walisema kunguru hafugiki, na hapa wametimia.

Ndege huyo huitwa kunguru wa India, na jina hilo wakati mwingine hutamkwa kwa maana isiyo nzuri kwa jamii yetu. Inafaa tuseme ukweli kwa utulivu. Hakuletwa na wafanyabiashara wala na hekalu. Aliletwa na serikali iliyotaka ndege afanye kazi ya mzoa taka, akabaki kwa sababu taka zilibaki. Anayetafuta chanzo cha wingi wake na asitazame alikozaliwa, bali atazame jalala.

Tukiyaweka haya yote pamoja, njia ya kwetu inaonekana. Sumu tuiache, kwanza kwa ajili ya ahimsa, pili kwa sababu miaka zaidi ya mia ya Zanzibar imeonyesha kwamba kuua bila kuondoa chakula ni kazi isiyokwisha. Bundi wa plastiki na karatasi za kung'aa husaidia kwa siku chache tu, kisha ndege huvizoea. Kinachodumu ni kumnyima kiti. Ukingo ulioinamishwa zaidi ya nyuzi 45 haukaliki, na gharama yake ni ndogo ukichorwa mapema kabla ya kujengwa. Matundu ya upenuni yazibwe kwa wavu wa chuma, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna makinda ndani. Pale penye nakshi zisizoweza kubadilishwa, waya uliokazwa au miiba yenye ncha butu humzuia ndege bila kumjeruhi. Wavu ukitumika, ukaguliwe kila wiki, kwa maana wavu uliolegea ni mtego. Mabaki ya prasad na maua yasilale uani hadi jioni. Na anayetaka kuwalisha ndege kwa ajili ya wahenga wake awalishe chini ya mti, mbali na tangi la maji, kwa kipimo cha kumalizika papo hapo.

Mtumishi wa Delphi alimwambia ndege aende akajenge mtoni. Sisi wa Mkolani tuna urahisi ambao yeye hakuwa nao: mawe na miti yetu iko hatua chache tu kutoka ukutani. Kila mtini tunaouacha usimame kilimani ni kiti ambacho ndege hatakitafuta juu ya kilele. Hekalu likijengwa hivyo, na uwanja ukifagiwa hivyo, yule apandaye ngazi alfajiri atakuwa na kazi nyepesi, na ndege atabaki na uhai wake.