Mnara wa Maji na Mji wa Kuwait

Wenyeji wa Lamu, Unguja na Rufiji waliijua Kuwait kwa majahazi yake. Vyombo hivyo vilikuja na kaskazi vikileta tende, vikarudi na kusi vikiwa vimesheheni boriti za mikoko, zilizobeba mapaa ya nyumba za mji ule usio na misitu. Lakini vyombo vya Kuwait vilikuwa na shehena nyingine isiyofika kwetu, nayo ni maji ya kunywa.

Maji mengi ya visima vya Kuwait yalikuwa ya chumvi. Kwa hiyo tangu mwanzo wa karne ya 20 mji ulitegemea maji matamu yaliyoletwa kwa vyombo kutoka Shatt al-Arab, na mwaka 1939 ikaundwa kampuni ya kuyasafirisha. Upepo ukiwa mbovu, mji ulipata dhiki. Mwaka 1953 kiwanda cha kugeuza maji ya bahari kuwa matamu kilianza kazi, na safari zile zikakoma.

Hata hivyo, kupata maji ni jambo moja, na kuyafikisha katika kila nyumba ni jambo jingine. Mji wenye kilima hujenga birika juu yake, na maji hushuka yenyewe. Kuwait ni nchi tambarare. Kilima chake hakikuwa na budi kujengwa, nacho ndicho mnara wa maji. Pampu huyapandisha maji hadi tangini, na uzito wake huyasukuma katika mabomba. Kila mita 10 za kimo huongeza msukumo wa karibu kilo 1 kwa kila sentimita mraba. Wala si wingi wa maji uletao msukumo huo, bali kimo chake. Usiku, watu walalapo, tangi hujazwa. Asubuhi, wote wafunguapo mifereji kwa pamoja, mnara hutoa kile ambacho pampu peke yake isingekidhi. Umeme ukikatika au moto ukizuka, maji huendelea kutoka kwa muda.

Kampuni ya Sweden ilijenga minara 31 yenye umbo la uyoga, kwa michoro ya Sune Lindström, katika makundi matano. Mahali pa sita, ufukweni, Malene Bjørn alisanifu Minara ya Kuwait, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1979. Ni mitatu, na miwili kati yake huweka maji. Mrefu kuliko yote una mita 187.

Wageni huitazama kama fahari ya utajiri wa mafuta. Fahari ipo, lakini haikuijenga minara hiyo peke yake. Waarabu huiita *abraj*, neno lenye asili moja na *buruji* yetu, yaani ngome. Na ngome ni kweli, kwa kuwa adui yake ni kiu. Hata hivyo mnara hauzai maji, hulinda tu yaliyokwisha kupatikana. Kiwanda kikisimama, siku za mnara huhesabika, kama zilivyohesabika zamani siku za mji uliongojea tanga lionekane. Wahenga walisema akiba haiozi. Nasi twaweza kuongeza kwamba huisha.