Udongo wa Kichuguu: Siri ya Tanuru za Chuma za Ufipa

Mwaka jana mama mmoja muuza mikate hapa Mbalizi aliniita nikaangalie tanuri lake. Alikuwa amelijenga kwa matofali mazuri ya kuchoma na kulipiga plasta ya saruji ndani. Miezi miwili tu, plasta ikaanza kudondokea mikate, na mtaji wenyewe ulikuwa mkopo wa kikundi. Nilipomwambia dawa yake ni kichuguu, alicheka.

Zamani huku kwetu hatukungoja jembe la dukani ndipo tulime. Wanyiha wa Mbozi na Wafipa wa Rukwa walitoa chuma kwenye mawe wao wenyewe. Ufipani hadi leo utaona tanuru za kale zimesimama porini, wenyewe wanaziita malungu. Nyingine zina kimo cha mita 3. Hazikuhitaji mivukuto: urefu wake ulivuta hewa kupitia matundu ya chini, kama dohani inavyovuta moshi. Mivukuto ilitumika baadaye, kwenye kitanuru kidogo cha kusafishia chuma.

Sasa jiulize: kazi hiyo hutaka moto wa nyuzi 1,200 hivi. Kuta zilihimilije? Zilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Mchwa hupandisha mfinyanzi laini kutoka chini na kuushikamanisha, nawe unaukuta umeshachambuliwa, bure.

Saruji ya kawaida hushikana kwa maji yaliyofungwa ndani yake. Moto ukizidi nyuzi 400 hivi maji hayo hutoka, nayo hulegea na kumeguka. Hata tanuru za viwanda vya saruji, kama hicho cha jirani zetu Songwe, ndani huvikwa matofali maalumu ya kuhimili moto, maana humo joto hufika nyuzi 1,450. Wapika saruji wenyewe hawaiamini!

Kwa yule mama tulibandua plasta yote. Tukaponda vigae vya vyungu tukachanganya na udongo wa kichuguu, kwani udongo mtupu hunywea na kupasuka. Usiniulize vipimo, udongo hutofautiana. Finyanga vibonge vitatu vyenye vigae vichache, vya wastani na vingi, vikaushe kivulini, kisha vichome. Kisichopasuka ndicho chako.

Tuliacha tanuri likauke wiki mbili, kisha tukawasha moto mdogo siku kadhaa. Hapo ndipo wengi huharakisha, na mvuke hupasua ukuta. Mpaka sasa umetokea ufa mmoja karibu na mlango. Ameuziba mwenyewe, kwa udongo uleule.