Loya aliyepoteza kesi Kapenguria, Nairobi ikampa barabara

Wale mnaokaa Nairobi mnaijua Denis Pritt Road, ile ya Kilimani ukielekea State House. Mnajua foleni yake, mnajua bei ya nyumba zake. Mwenye jina je? Wengi hudhani ni mkoloni fulani aliyesahaulika kwenye kibao. Hapana. Huyu alikuwa loya wa Kenyatta, na kesi yenyewe alipoteza.

Tuanze na tarehe. Oktoba 20, 1952, serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari na kumshika Jomo Kenyatta. Kisha yeye na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, wakashtakiwa kwamba wanaendesha Mau Mau. Kesi haikusikizwa Nairobi. Ilipelekwa Kapenguria, kwenye darasa la shule, mahali hapana hoteli na huingii bila kibali. Mawakili walilala Kitale, wakawa wanapigwa vumbi kama kilomita 40 kwenda na 40 kurudi. Ukitaka kumchosha mtetezi, mbinu ni hiyo.

Pritt alikuwa na miaka 65. Mwingereza, QC, mzee wa kesi ngumu: miaka ya thelathini alikuwa upande wa Ho Chi Minh kwenye rufaa London. Kapenguria alikuja na timu ya ajabu: H.O. Davies wa Nigeria, Dudley Thompson Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, Chaman Lall kutoka India, na wa hapa hapa kina A.R. Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza. Hebu fikiria picha hiyo Kitale ya 1952, mji wa masetla.

Hakimu naye, Ransley Thacker, alikuwa jaji aliyestaafu. Serikali ilimlipa pauni 20,000 kando, kwa siri. Mkalimani wa korti alikuwa Louis Leakey, yule wa mafuvu ya watu wa kale. Pritt alilalamika kwamba Leakey anaegemea upande, mpaka Leakey akajiondoa. Pritt pia aliwatumia wabunge wa London telegramu kwamba haki inanyimwa watu hapa. Akashtakiwa yeye sasa, eti amedharau korti. Akashinda hiyo.

Shahidi mkubwa alikuwa Rawson Macharia, aliyesema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwaka 1950. Upande wa utetezi ulileta mashahidi kumi kumpinga. Thacker akasema wazi: kumi siwaamini, huyu mmoja namwamini. Aprili 8, 1953, wote sita wakapigwa miaka saba na kazi ngumu.

Ndio hapa watu huuliza, sasa loya alisaidia nini? Manze, soma yaliyofuata. Korti ya juu ilifuta hukumu kwa sababu Thacker aliteuliwa kwa mkoa ambao Kapenguria haikuwa ndani yake. Rufaa ikairudisha. Oneko baadaye aliondolewa hatia, na bado wakamfungia kizuizini. Kisha mwaka 1958 Macharia akaapa kwa maandishi kwamba alidanganya na alilipwa. Mahojiano yote yalikuwa kwenye rekodi, kila swali, yakingoja siku hiyo. Na serikali ikamshtaki Macharia, si kwa ushahidi wa Kapenguria, bali kwa kile kiapo cha kusema alidanganya! Aliyekuja kumtetea ni nani? Pritt. Mzee alirudi Kenya kumsimamia mtu aliyewahi kumdodosa kizimbani kama mwongo. Akapoteza tena, Macharia akafungwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote.

Simfanyi malaika. Mwaka 1936 alikaa kwenye kesi za Stalin kule Moscow, watu wakahukumiwa kifo kwa kukiri mambo ya kupikwa, akarudi akaandika kwamba kesi ilikuwa ya haki. Chama cha Labour kilimfukuza mwaka 1940 kwa kuitetea Urusi ilipovamia Finland. Jicho lililoona uozo wa Kapenguria lilifumba Moscow. Siwezi kulieleza hilo, na nikishikwa leo bado ningemtaka yeye.

Mwaka uleule wa 1959 Macharia alipofungwa, hapa kwetu Tana River, kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa na walinzi mpaka wakafa, Machi 3. Serikali kwanza ikasema ni maji waliyokunywa. Hakuna mtu aliyesimamishwa kizimbani kwa vifo hivyo, kwa hivyo hakuna Pritt wala nani aliyepata kuwauliza maswali wale walinzi kwenye kesi ya mauaji.

Mimi niliacha chuo, sheria nasoma mwenyewe kwa simu. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inasema serikali ikupe wakili ikiwa bila yeye utadhulumiwa pakubwa, na ikupe mkalimani kama lugha ya korti huielewi. Huku Bangale ukitaka loya unapanda gari kwanza. Kijana wa Kiorma aliyeshikwa kwa kesi ya mifugo anafika mbele ya hakimu, anasomewa shtaka, anaulizwa: kweli au si kweli? Anajibu kabla hajajua ana haki ya kumuomba mtu amsimamie.