Barua zako, kisanduku cha mwingine

Jumanne ya tarehe 8 Oktoba 2013, Yahoo Mail ilipotimiza miaka 16, watumiaji wake walipewa zawadi ambayo wengi hawakuiomba. Aliyefungua barua zake alikuta picha ya mlima au bahari imetandazwa nyuma ya orodha, maandishi yameelea juu yake kama yameandikwa kwenye kioo chenye ukungu, barua za mazungumzo mamoja zimefungwa fungu moja, na vile vichupo vya juu havipo. Hicho cha mwisho ndicho kilichowasha moto. Kichupo ni kitu kidogo, na asiyefanya kazi kwa barua pepe hawezi kuona kwa nini mtu akililie. Lakini mchukue karani wa mauzo. Anafungua barua ya mteja, inakaa kwenye kichupo chake. Anaanza jibu, nalo linakaa kwenye kichupo cha pili. Katikati ya sentensi anakumbuka kwamba bei iko kwenye ankara ya mwezi uliopita. Anaitafuta, anaifungua kwenye kichupo cha tatu, anaisoma bei, kisha anarudi kwenye jibu na kulikuta kama alivyoliacha. Katika sura mpya, kwenda kuitazama ankara kulimtoa kwenye jibu lake, na akirudi ilimbidi alisake kwenye rasimu. Kwa barua moja, hiyo ni kero ndogo. Kwa anayejibu barua kutwa nzima, ni kazi nyingine juu ya kazi.

Malalamiko yalimiminika kwa maelfu, na jibu la watu wa teknolojia lilikuwa lile lile la siku zote: watu huogopa mabadiliko, wape wiki chache watazoea. Sekta hii imejizoesha kuyaona malalamiko ya watumiaji kama mafua, ugonjwa unaopita wenyewe bila dawa. Ukiifuata historia ya barua pepe za bure tangu mwanzo, maelezo hayo hayatoshi. Ugomvi haukuwa juu ya rangi wala picha za milima. Ulikuwa juu ya jambo ambalo halikuwahi kuandikwa wazi tangu siku ya kwanza, yaani kisanduku hiki ni cha nani.

Kabla ya 1996, anwani ya barua pepe ilikuwa mali ya mwajiri, chuo au kampuni iliyokuuzia intaneti. Ukiacha kazi, unaiacha na anwani. Hotmail, iliyofunguliwa na Sabeer Bhatia na Jack Smith tarehe 4 Julai 1996, siku ya uhuru wa Marekani, ilikuja na ahadi tofauti: anwani yako, bure, popote penye kompyuta na kivinjari. Microsoft iliinunua mwisho wa 1997, miezi michache baada ya Yahoo kununua kampuni ya Four11 na huduma yake ya RocketMail, ambayo ndiyo iliyogeuzwa kuwa Yahoo Mail. Ahadi ile ilitufaa sisi wa Afrika Mashariki kuliko hata Wamarekani wenyewe. Hapa wengi hawakuwa na kompyuta nyumbani, wala laini ya simu ya kuiunganisha. Walikuwa na mikahawa ya intaneti, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, ambako muda ulilipiwa kwa dakika na saa ya ukutani ilikuwa adui. Anwani za @yahoo.com na @hotmail.com zikaingia kwenye wasifu wa kuombea kazi, kwenye kadi za biashara, na kwenye vibao vya maduka kwa rangi ya mafuta.

Tukitaka kuyaelewa malalamiko yaliyofuata, lazima tukae kidogo kwenye mikahawa hiyo. Kabla ya mkonga wa SEACOM kuwashwa Julai 2009, sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Aliyelipia nusu saa alijua kwa kichwa kitufe cha kutuma kiko wapi hata kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Ujuzi ule wa mkono ulikuwa na thamani ya fedha, shilingi kwa dakika. Wakati huo huo, huko Marekani, watengenezaji walikuwa wakielekea upande mwingine. Yahoo ilinunua kampuni ya Oddpost mwaka 2004, na kutokana nayo ikaunda barua pepe iliyofanya kazi kama programu kamili ya kompyuta ndani ya kivinjari: unakokota barua na kuidondosha kwenye folda, unaisoma huku orodha bado iko pembeni. Ilipendeza. Pia ilikuwa nzito, na sura ya zamani, ile iliyoitwa Classic, ikabaki kimbilio la mwenye mashine chakavu na laini nyembamba. Kumwita mtu huyo mwoga wa mabadiliko ni kumkosea adabu. Alikuwa amepiga hesabu na kuona kwamba sura mpya inamtoza zaidi kwa barua ile ile.

Na si kwamba kampuni hizi hazijui kusikiliza. Microsoft ilipoijenga upya Hotmail kuanzia 2005, iliazimia hata kulizika jina, huduma iitwe Windows Live Mail. Waliokuwa wakiijaribu hawakutaka kuliacha jina walilolizoea, na mwaka 2007 huduma ikatoka kwa jina la Windows Live Hotmail, ikiwa na sura nzito na sura nyepesi, mtu achague. Gmail nayo ina kisa chake, nacho ndicho nikipendacho kuliko vyote. Ilipozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 ilitoa gigabaiti nzima, wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2 tu, na wahandisi wake wakaona kwamba mwenye ghala kubwa kiasi hicho hana haja ya kutupa kitu. Kwa hiyo kitufe cha kufuta hakikuwekwa mbele. Kufuta kulifichwa ndani ya menyu. Watu wakalalamika karibu miaka miwili. Januari 2006 kitufe kikawekwa, na hakuna aliyeumia. Septemba 2010 Google ikakubali pia kwamba wapo wasiotaka barua zao zifungwe kwa mafungu ya mazungumzo, ikawapa njia ya kulizima jambo hilo. Hapa malalamiko yalibeba taarifa sahihi ambayo wahandisi hawakuwa nayo: kwamba mtu hufuta barua kwa sababu nyingi, na uhaba wa nafasi ni mojawapo tu. Wapo wanaofuta kwa aibu, wapo wanaofuta kwa hasira, na wapo wanaotaka tu kuiona meza yao ikiwa safi.

Sasa turudi kwenye mwaka 2013 wa Yahoo, kwa kuwa ndipo mambo yote yalipokutana. Marissa Mayer alikuwa ameshika uongozi Julai 2012, na kampuni ilikuwa ikihangaika kurudisha heshima yake mbele ya Google na Facebook. Juni 2013 Classic ikafungwa. Aliyetaka kuendelea alihamishiwa sura mpya, na kwa kuhamia alihesabiwa kuwa amekubali masharti mapya, likiwamo lile la mitambo kuchambua yaliyomo kwenye barua zake ili kumlenga kwa matangazo. Asiyetaka aliweza kuzitoa barua zake kwa kutumia programu nyingine, au kufunga akaunti. Mwezi huo huo kampuni ikatangaza kwamba majina ya akaunti ambazo hazikufunguliwa kwa mwaka mzima yatapewa watu wengine, na kabla ya mwaka kwisha baadhi ya waliopewa majina hayo walisema wanapokea barua za wenyewe wa zamani. Ndipo ikaja sura ya Oktoba, bila vichupo. Kisha, tarehe 9 Desemba, mitambo katika kituo kimoja cha data ikaharibika, na watu ambao kampuni ilisema ni kama asilimia 1 ya watumiaji wakakaa siku kadhaa bila barua zao, mpaka Mayer akaomba radhi hadharani tarehe 13.

Hata hivyo, ushahidi mzito kuliko wote ulitoka ndani. Novemba 2013 ulivuja waraka ambao wakubwa wa Yahoo waliwaandikia wafanyakazi wao. Walikuwa wameombwa waache Outlook ya Microsoft na wahamishie barua zao za kazi kwenye Yahoo Mail, na waliokuwa wametii ni robo tu. Hawa ni watu waliolipwa mshahara na kampuni, na huduma yenyewe iliundwa na wenzao wa ofisi moja. Kama kuogopa mabadiliko ni ujinga wa wateja, basi robo tatu ya wapishi walikuwa na ujinga ule ule kuhusu chungu chao wenyewe.

Hoja ya kwanza ya kupinga haya inajulikana: mwishowe watu walizoea. Kweli, na miongoni mwa walioilaani sura ya 2013 wapo wanaotumia Yahoo hadi leo. Lakini kuzoea ni ushahidi wa nini? Mpangaji ambaye mwenye nyumba amemhamishia mlango upande wa choo naye atazoea, kama hana pa kuhamia. Ili ukimya uhesabiwe kuwa ridhaa, lazima mlango wa kutokea uwe wazi, na kwa barua pepe mlango huo ni mwembamba sana. Anayehama anaacha anwani inayojulikana na benki, shule ya watoto, mwajiri na ndugu walioko Muscat au Toronto, pamoja na kila tovuti inayotuma nywila mpya kwa anwani hiyo. Kusambaza barua kutoka anwani ya zamani kwenda mpya husaidia, ila kunadumu kwa hisani ya yule yule unayemkimbia.

Hoja ya pili ni kwamba huduma ni ya bure, na kitu cha bure hakichaguliwi. Hapa pana kosa la hesabu. Yahoo Mail ililipiwa kwa macho ya watu mbele ya matangazo, na kwa kuchambuliwa kwa barua zao pia. Walikuwapo pia waliolipa fedha taslimu, dola 19.99 kwa mwaka, kupata Mail Plus, na malipo hayo hayakuwanunulia haki ya kubaki na sura waliyoizoea.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito, nami siwezi kuipuuza. Kutunza matoleo mawili ya huduma moja ni gharama mara mbili, na toleo la zamani huchelewa kupata kinga dhidi ya wadukuzi. Hakuna anayeweza kudai sura ya 2002 idumu milele. Lakini hoja hiyo inatetea kufungwa kwa Classic. Haitetei kuondolewa kwa vichupo, ambavyo vilikuwamo ndani ya toleo jipya lenyewe. Na baadaye Yahoo ilivirudisha kama hiari, mtu anachagua kwenye mipangilio. Kilichoweza kurudishwa kwa kuweka alama kwenye mipangilio kiliweza kuachwa hapo tangu mwanzo.

Kwenye simu, swali la namba ni ya nani tulishalitatua. Kenya iliruhusu kuhama mtandao bila kubadili namba Aprili 2011, Tanzania Machi 2017, kwa sababu wadhibiti waliona kwamba namba ikiwa mateka, mteja naye ni mateka. Namba ikawa ya mtu. Anwani ya barua pepe haiwezi kufuata njia hiyo kirahisi, maana jina la kampuni limechapwa ndani yake, baada ya alama ya @, kama muhuri kwenye sahani ya hoteli. Mwenye uwezo hununua jina lake la kikoa na kuhama nalo apendavyo. Wengine wote hutangaziwa tu tarehe ya kufungwa kwa sura waliyoizoea. Kwa miaka mingi, Gmail ilipokawia kufunguka, pembeni mwa ukurasa kulitokea mstari mdogo wa kumpeleka mwenye intaneti dhaifu kwenye sura ya msingi, maandishi matupu na viungo vya buluu. Septemba 2023 Google ilitangaza kwamba sura hiyo itafungwa, na mwanzoni mwa 2024 walioitumia wakaanza kuhamishiwa ile ya kawaida, iwe laini yao inaibeba au haiibebi.