Rekodi ya Mzururaji Mashariki mwa Uganda

Kosa la uzururaji lilifika Uganda likitokea Uingereza. Sheria ya huko ya 1824 ilimwadhibu maskini asiye na makao wala kazi ya kuonekana, na Kanuni ya Adhabu ya Uganda, ile ya 1930 na iliyoifuata ya 1950, ikachukua sehemu kubwa ya maneno yake. Kifungu cha 168 kilimnasa hata mtu aliyekutwa barabarani katika hali ya kutiliwa shaka. Adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa kifungo cha miezi 6. Kila kosa lililofuata, mwaka 1. Hapo ndipo rekodi ilipopata makali, kwani la jana liliongeza adhabu ya leo.

Mashariki mwa nchi, mji wa Jinja uliwavuta vibarua, hasa bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954. Mbale, mji uliokua tangu enzi za jemadari wa Kiganda Semei Kakungulu, ulikuwa soko la wakulima wa Mlima Elgon. Nakaloke iko kaskazini mwa Mbale, katika barabara ya Kumi na Soroti. Kutoka huko kuingia mjini kutafuta riziki ni mwendo mfupi tu. Mchuuzi au mchukuzi asiye na mwajiri wa kumtaja ndiye aliyekamatika kwa urahisi, ingawa alikuwa kazini.

Mwaka 2019 Rais Museveni aliagiza polisi waache kukamata watu kwa makosa ya uzururaji. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka haki. Kisha, 2 Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ya Uganda ikabatilisha aya (c) na (d) za kifungu cha 168, katika kesi ya Francis Tumwesige Ateenyi.

Waliokwisha kuandikwa rekodi ya kosa hilo ni jambo jingine. Uingereza ilitunga mwaka 1974 sheria inayoacha hukumu ndogo zisahaulike baada ya muda. Uganda, huru tangu 1962, ilibaki na ukali wa 1824 bila unafuu huo. Aliyehukumiwa ana rufaa, au msamaha wa Rais chini ya ibara ya 121 ya Katiba. Na anayeomba cheti cha mwenendo mwema, tuseme kwa kazi katika nchi za Ghuba, hutoa alama za vidole kwa kitengo cha Interpol cha polisi ili rekodi yake ikaguliwe.