Usiku mmoja Kondoa: mji wa wasafiri na historia ya doti



Wapenzi dada zetu, na hasa nyinyi mabibi harusi watarajiwa mnaotuuliza kila siku bei za magauni, leo hatuleti mshono mpya. Leo tunaleta historia ya mji mmoja wa bara, Kondoa, ambao tulilala usiku mmoja bila kupanga. Tuliporudi nyumbani tukaanza kuuliza wazee na kusoma habari zake, na tuliyoyapata yametugusa sisi mafundi moja kwa moja.

Sisi kwa sasa makazi yetu ni Makumira, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Ukisimama mlangoni pa duka letu unaona migomba na kahawa, na asubuhi kukiwa hakuna mawingu unauona Mlima Meru wote. Huku kwetu kijani ni cha kawaida mpaka mtu anasahau kushukuru. Siku hiyo, Alhamisi, tulikuwa tunakwenda Dodoma. Garini tulikuwa na baba watoto, watoto watatu, bibi yao, na gauni la binti wa shemeji yetu. Ndoa ilikuwa kesho yake baada ya sala ya Ijumaa.

Tulipita Makuyuni, tukapita Minjingu, tukafika Babati tukala. Baada ya Babati barabara inapanda milima halafu inashuka, na ukishashuka nchi inabadilika. Udongo mwekundu, mibuyu, na makorongo makubwa kama ardhi imechanwa kwa mkasi. Mtoto wetu wa mwisho akauliza, "Mama, hapa ndio jangwani?"

Si jangwa la mchanga kama lile la Arabuni, lakini swali lake halikuwa la kijinga. Kondoa ni nchi kavu yenye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mmomonyoko ulikula ardhi mpaka Serikali mwaka 1973 ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Mwaka 1979 ikafika hatua ya kuondoa ng'ombe, mbuzi na kondoo wote katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 ili majani yapate kuota tena. Fikirini familia iliyokuwa inahesabu utajiri wake kwa ng'ombe, ikaambiwa wote watoke.

Basi kabla hatujafika Kondoa mjini rejeta ikaanza kuvuja. Tukaingia mjini polepole, injini inachemka. Fundi wa magari akasema kifaa hakipatikani mpaka asubuhi. Tukashusha mizigo, na katika kushusha, mkia wa gauni ukanasa kwenye bawaba ya mlango. Leisi ikachanika shubiri nzima. Tuliokaa kwenye cherehani miaka yote tukasimama barabarani tunatetemeka, gauni mkononi, magharibi inakaribia.

Mkono wa pili kutoka pale tuliposimama palikuwa na kibaraza chenye cherehani ya kukanyaga. Mama mmoja wa makamo, amejifunga mtandio, alikuwa anafunga kazi. Alituona, akatazama gauni, akasema, "Karibuni ndani, mwanangu. Gauni la harusi halirekebishwi barabarani." Hakutuuliza tumetoka wapi mpaka tulipokuwa tumeshakaa na bibi wa watoto ameshapewa maji ya kunywa.

Hapo turudi nyuma kidogo kwenye historia, maana mama yule hakuwa wa kwanza katika mji ule kumfungulia msafiri mlango.

Kabla ya reli na kabla ya lami, misafara ya biashara ilitoka pwani, ikiwemo Pangani, ikakata nyika kavu kuja Irangi, nchi ya Warangi. Waliokuja walitafuta pembe za ndovu. Njiani maji yalikuwa haba na chakula hakuna, kwa hiyo walipofika Kondoa, penye chemchemi na wakulima wenye nafaka, walipumzika. Wengine walipumzika siku chache, wengine wakajenga. Katika karne ya 19 pakawa na makazi ya watu wa pwani pale, na Kiswahili na Uislamu vikaenea kwa ujirani, biashara na ndoa. Leo Warangi wengi ni Waislamu.

Na walilipa kwa nini? Kwa nguo, dada zetu! Barani kule nguo na shanga ndizo zilizokuwa fedha. Mpagazi alibeba kichwani au begani mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na zaidi, na mizigo mingi ilikuwa majora ya vitambaa. Kulikuwa na kaniki, nguo nyeusi ya buluu kutoka India. Kulikuwa na merikani, kitambaa kigumu cha pamba kutoka Marekani, ambacho kilikuja kwa wingi Unguja baada ya Sayyid Said kuwekeana mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833. Vita vya wao kwa wao kule Marekani vilipozuka mwaka 1861 pamba ikaadimika, na viwanda vya Uingereza na baadaye Bombay vikachukua nafasi. Lakini jina halikufa. Sisi mafundi mpaka leo tukienda dukani tunaomba "marekani", hata kama kitambaa kimefumwa kwingine kabisa.

Vipimo navyo ni vya zamani hizo. Mikono minne ilikuwa shuka moja. Mikono minane, yaani shuka mbili, ilikuwa doti. Kwa hiyo bibi harusi anapoletewa doti kumi za khanga, jina hilo ndilo walilohesabia watu wa misafara walipokuwa wananunua uwele na mtama njiani. Na msidhani wenyeji walipokea chochote. Kila nchi ilikuwa na rangi yake na mtindo wake, na mfanyabiashara aliyebeba kitambaa kisichopendwa alirudi nacho au akalala njaa. Wateja wa bara ndio walioamua pwani iagize nini.

Jambo jingine ambalo haliandikwi sana: wanawake walikuwepo katika misafara ile. Wake za wapagazi walitembea nao, wakabeba vyungu na mikeka, wakapika kambini. Na waliouza nafaka, waliochota maji na waliotwanga, wengi walikuwa wanawake wa miji ya njiani. Kituo cha msafara hakikuwa mti na kivuli tu. Kilikuwa jiko la mtu.

Hatufichi na upande mchungu. Misafara hiyohiyo ya nyakati zile ilihusika pia na biashara ya watumwa, na wako waliopita njia za bara wamefungwa. Mgeni hakuwa mwema kila mara. Tunalisema kwa sababu historia ikiachiwa mazuri tu inakuwa mapambo.

Wageni wabaya zaidi walikuja baadaye, tena kwa njia yetu hii ya kutoka Arusha. Wajerumani walikuwa wameshaweka boma Kondoa, kama walivyojenga lile la Arusha mwaka 1900 ambalo sasa ni makumbusho. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Aprili 1916 Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini alitoka Arusha na askari wa farasi, katikati ya masika. Sisi tulitumia saa chache kwa lami. Wao walitumia wiki mbili na zaidi kwenye matope, na farasi wakafa kwa mamia kwa maradhi na njaa. Walipouteka mji, mvua ikawafungia nyuma, chakula chao hakifiki. Wakala cha wenyeji. Mwezi Mei Lettow-Vorbeck akawashambulia usiku akashindwa, na majeshi mawili yakabaki yanatazamana hapo mpaka Juni, yote yanakula kutoka ardhi hiyohiyo kavu. Nchi jirani ya Ugogo, baada ya majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, iliangukiwa na njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya.

Tulipoyasoma haya tulifikiri sana. Mji mmoja, barabara moja, wageni wa aina mbili. Mmoja alisimama akatoa salamu, akalipa doti, akaoa, akasali na wenyeji. Mwingine alisimama akala akaondoka. Wote walikuwa wasafiri wenye shida.

Turudi kwenye kile kibaraza. Tulisali, tukala ugali wa uwele na mlenda, kisha mama yule akatuachia cherehani yake. Tukakata leisi upya kutoka kwenye pindo la ndani, yeye akashika taa ya simu, tukashona mpaka saa nne usiku. Mshono ule hauonekani, alhamdulillah. Watoto walilala kwenye mkeka, bibi yao akapewa kitanda cha mwenye nyumba.

Asubuhi baba watoto akatoa pesa. Mama akazirudisha kwenye kiganja chake, akasema, "Nyinyi ni watu wa njia. Njia hailipishi."

Dada zetu, hapo ndipo tulipoona aibu, na tunaiandika hapa ili itufae. Miezi michache kabla ya safari ile, wasafiri walisimama dukani kwetu Makumira. Bibi harusi alikuwa garini, zipu ya gauni imefumuka, wanawahi Moshi. Kazi ya dakika ishirini. Tuliwatoza mara tatu ya bei kwa sababu tuliona hawana pa kwenda. Tukaiita "bei ya dharura". Tulijisifu jioni ile kwamba siku imekuwa nzuri.

Dini yetu imemtaja msafiri aliyekwama, ibnus-sabil, mwana wa njia, miongoni mwa watu wanane wanaostahili zaka, hata kama kwao ni tajiri. Imempunguzia sala, imemruhusu kufungua saumu na kuilipa baadaye. Mwenyezi Mungu amemhurumia msafiri kiasi hicho, sisi tukamwongezea bei.

Tulimwachia mama yule doti moja ya khanga tuliyokuwa tumeibeba kwa zawadi. Hiyo aliipokea, akaifungua, akasoma jina lake, akacheka. Zawadi, alisema, hairudishwi. Dodoma tulifika kabla ya adhana ya Ijumaa, na bibi harusi hakujua kilichotokea mpaka picha zilipokwisha kupigwa.

Siku hizi barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ni lami tupu tangu ilipozinduliwa mwaka 2018, na magari mengi yanapita Kondoa bila hata kupunguza mwendo. Nyinyi mnaosafiri na maharusi, mkipata nafasi simameni. Teremkeni, salini, nunueni chakula kwa mama wa pale kwa bei yake bila kumkandamiza. Ukirudi nyuma kidogo upande wa Kolo kuna michoro ya kale kwenye mapango, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Watu wamekuwa wakisimama nchi ile tangu zamani hizo.

Na dukani kwetu Makumira tumebadilisha jambo moja. Bibi harusi aliye njiani akikwama na gauni lake, tunashona bure. Yule tuliyemtoza hatuna namba yake. Kama ni wewe unasoma, ama unamjua, tunakuomba utusamehe, na upite uchukue haki yako.

Wabillahi tawfiq.